Mlango Mzuri Hujulikana Kwenye Kingo

Ukitoka Mwanza mjini kwa barabara ya Musoma, ukaziacha Mabatini na Nyakato nyuma, Igoma hukupokea kwa milio ya grinda. Kando ya barabara mageti yameegemezwa yakisubiri wenyewe, mengine yamepakwa rangi ya kuzuia kutu, mengine yana maua ya chuma yaliyokunjwa kwa mkono. Kuna milango ya maduka, fremu za madirisha, vitanda na majiko. Mteja anasimama, anatikisa geti, anauliza bei, kisha anataka lake liwe tayari kesho. Kwa kazi nyingi za hapa, hilo linawezekana.

Ipo kazi moja isiyokubali haraka hiyo, nayo ni mlango wa chumba cha baridi. Kwa kuutazama tu hauna la kuvutia: ni bapa, mweupe, hauna ua wala nakshi. Unene wake ni kama sentimita 10, na ukiufunga husikii chuma kikigonga chuma. Unasikia mlio mzito na mfupi, basi. Nimekaa katika karakana moja ya Igoma nikimtazama fundi akiutengeneza mlango wa namna hii, tangu ulipokuwa vipande vya chuma sakafuni hadi ulipotundikwa kwenye fremu yake, na nimetoka pale nikiamini jambo moja: ubora wa mlango unaozuia joto uko kwenye kingo zake. Katikati ya mlango karibu kila mtu anaweza kupapatia. Fundi hujulikana pale mlango unapokutana na fremu, na pale bati la nje linapokaribia kukutana na bati la ndani.

Kazi hii ina sababu ya kuwepo Mwanza. Mji huu unaishi kwa samaki, na samaki akishatoka majini hana subira. Sangara, aliyepandikizwa Ziwa Victoria katika miaka ya 1950 na 1960, ndiye aliyeleta viwanda vya minofu katika mwambao huu mwanzoni mwa miaka ya 1990. Kati ya 1997 na 1999 Umoja wa Ulaya ulizuia mara kadhaa samaki wa ziwa hili, kwa hofu ya vimelea, ya kipindupindu na ya sumu zilizosemekana kutumiwa katika uvuvi. Viwanda vilijipanga upya, mialo ikakarabatiwa, wakaguzi wakaongezwa. Tangu hapo hata mlango umekuwa kitu cha kukaguliwa: lazima uwe wa kitu kigumu, kisichooza, kinachosafishika kwa maji na sabuni bila kuacha mahali pa uchafu kujificha.

Minofu mibichi hutunzwa karibu na nyuzi 0, kwenye ubaridi wa barafu inayoyeyuka. Ile iliyogandishwa hutakiwa kubaki kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri, au baridi zaidi ya hapo. Nje ya chumba, mchana wa Mwanza hufika nyuzi 28 bila shida. Hiyo ni tofauti ya nyuzi 46, na kinachozitenganisha pande hizo mbili ni mlango ambao mtu anaufungua na kuufunga siku nzima akiwa na kreti mkononi. Viwanda vikubwa huagiza milango yao ikiwa imekamilika. Lakini mwenye bucha, mwenye kuku wa kugandisha, mama anayenunua samaki mwaloni na kuwauza kwa jumla, kijana aliyenunua kontena kuukuu la baridi akitaka kuligeuza stoo, hao huja kwa fundi.

Ndugu zetu walioko Minnesota, Marekani, wanalijua tatizo hili kutoka upande wa pili. Huko usiku wa majira ya baridi hushuka hata chini ya nyuzi 20 chini ya sifuri, na gereji nyingi zimeungana na nyumba. Mlango wa gereji ni mpana kuliko milango yote nyumbani: paneli kadhaa zilizounganishwa kwa bawaba, zinazopanda kwenye reli hadi chini ya dari. Anayenunua huonyeshwa namba ya uwezo wa kuzuia joto, na mara nyingi namba hiyo imepimwa katikati ya paneli moja. Baridi haipiti katikati ya paneli. Inapita kwenye maungio ya paneli na paneli, kwenye raba ya chini inayogusa saruji, na kwenye nafasi za pembeni. Joto lao liko ndani na letu liko nje, lakini sheria ni moja: joto hutoka penye joto kwenda penye baridi, na hutafuta njia iliyo rahisi kuliko zote. Fundi wa Igoma na mnunuzi wa Minnesota wanapaswa kutazama mahali pamoja.

Hesabu inaonyesha kwa nini. Chukua mlango wenye upana wa mita 1 na urefu wa mita 2, uliojazwa povu gumu la poliyurethane lenye unene wa sentimita 10. Kwa tofauti ile ya nyuzi 46, joto linalopenya kwenye povu lote ni kama wati 23, kiasi cha balbu ndogo. Sasa mlango huohuo uzungushie utepe wa chuma wenye unene wa milimita 1 tu, unaoshikanisha bati la nje na bati la ndani kwenye kingo zote nne. Chuma cha kawaida hupitisha joto takriban mara 2,000 zaidi ya povu hilo. Utepe huo peke yake, kwa hesabu ya darasani, utapitisha zaidi ya wati 130. Povu lote, gharama yote, unene wote, vinashindwa na ukingo wa milimita moja.

Fundi niliyemtazama hakunifanyia hesabu hiyo. Alinionyesha mlango.

Ulikuwa mlango wa gari la samaki, umeletwa kwa sababu umekuwa mzito na bawaba zake zimeanza kulegea. Mwenyewe alidhani tatizo ni bawaba. Fundi aliulaza juu ya meza, akakata bati la ndani kwa grinda kwenye pande tatu, akalikunja nyuma. Povu lililotakiwa kuwa kavu na la rangi ya krimu lilikuwa limegeuka la kahawia, na alipoinua mlango upande mmoja maji yakachuruzika hadi sakafuni. Vijana wake wawili wakasogea.

"Dogo, maji haya nani kayamwaga humu?" aliuliza.

"Mvua, fundi?"

"Hapana. Yameingia yakiwa mvuke." Akaweka ncha ya kidole kwenye tundu la riveti iliyong'oka kwenye bati la nje, tundu dogo kuliko punje ya mtama. "Hapa."

Hewa yenye joto hubeba mvuke, na mvuke nao husafiri kuelekea penye baridi. Ukikuta upenyo huingia, ukifika ndani ya mlango hukutana na baridi na kugeuka maji, pengine barafu. Maji hupitisha joto mara nyingi zaidi ya povu kavu, kwa hiyo mlango unaolowa hupoteza kazi yake kimyakimya huku ukizidi kuwa mzito. Hapa ndipo Mwanza inapotofautiana na Minnesota. Kule mvuke hutokea ndani ya nyumba, hivyo ngozi ya ndani ndiyo isiyotakiwa kuvuja. Kwetu hutokea nje, kwa hiyo bati la nje ndilo linalotakiwa kuwa zima kabisa, na kila tundu la skrubu au riveti upande huo lizibwe kwa silikoni kabla ya kukazwa, wala si baadaye kwa kupaka juu juu.

Utengenezaji wa mlango mpya huanza na fremu, na fremu huanza na ulalo. Fundi hukata mabomba ya mraba, huyapanga sakafuni, kisha huvuta futi kutoka pembe moja hadi pembe ya mkabala, halafu ulalo wa pili. Vipimo viwili visipolingana, mlango umepinda hata kama kila upande una urefu sahihi. Kwenye geti la nyumbani tofauti ya milimita 5 haisumbui mtu. Kwenye mlango wa baridi, milimita 5 ni mwanya ambao raba haitaufikia. Anashikiza kwa nukta moja ya weldi kila pembe, anapima tena, anagonga kwa nyundo pembe iliyokimbia, anapima tena. Akianza kuchomelea kweli, anachomea kidogo pembe hii, anahamia pembe ya mkabala, kwa sababu weldi ikipoa husinyaa na kuivuta fremu upande wake. Ukichomelea upande mmoja hadi mwisho, fremu inajikunja mbele ya macho yako.

Kisha inakuja hatua ambayo mteja hataiona kamwe. Fremu haigusi mabati yote mawili. Kati ya chuma na bati la ndani, kuzunguka mlango mzima, fundi huweka ukanda wa plastiki ngumu wenye upana wa vidole viwili. Zamani ilitumika mbao, nayo kwa kuzuia joto si mbaya hata kidogo, lakini mbao ikishalowa huoza, na wakaguzi hawaitaki karibu na chakula. Plastiki hukatwa pembe kwa nyuzi 45 ili vipande viungane bila mwanya. Nilimwona akikikataa kipande kimoja ambacho mimi nilikiona kimekaa sawa. Alikiinua, akapitisha wembe kwenye kiungio, wembe ukapita. Akakata kingine. Hakuna atakayejua kama angekiacha, ila mwenye mlango angekuwa akikilipia kipande kile kila mwezi, miaka mingi, bila kujua analipia nini.

Povu nalo lina adabu zake. Hutengenezwa kwa vimiminika viwili vinavyokaa katika madumu tofauti, kimoja cha hudhurungi, kingine cha manjano hafifu. Vikichanganywa, kwa muda wa sekunde chache hakuna kinachoonekana, halafu mchanganyiko unapauka, unapata joto na kuanza kuumuka hadi takriban mara 30 ya ujazo wake. Ukichelewa kuumimina, unaumuka ndani ya ndoo. Ukimimina kidogo, pembe za juu zinabaki tupu. Ukimimina kupita kiasi, mlango unavimba tumbo, na mlango wenye tumbo haufungi. Kwa hiyo kabla ya kumimina mlango hubanwa kati ya meza mbili zilizonyooka, na matundu madogo huachwa kwenye pembe ili hewa itoke. Povu likianza kuchungulia kwenye tundu la mwisho, fundi anajua limefika. Wote huvaa barakoa na glavu, na kazi hufanyika mahali pa wazi, kwa sababu mvuke wa dawa hizi ni hatari kwa mapafu.

Baada ya hapo ni kungoja. Povu linaonekana limekauka baada ya dakika chache, lakini ndani bado lina joto na bado linasukuma. Ukiufungua mlango kwenye vibano mapema, bati hujipinda taratibu usiku kucha. Mwenye mlango niliokuwa nikiutazama, mama mwenye biashara ya samaki wa jumla, alifika mchana uleule povu lilipomiminwa.

"Fundi, si umeshamaliza? Naona umekaa."

"Mama, nimemaliza kumimina. Mlango bado haujatulia."

"Na gari nimeshakodi."

"Samahani sana mama. Nikikupa leo, utarudi nao baada ya mwezi. Njoo kesho kutwa."

Aliondoka bila kufurahi, na fundi hakubadili neno. Kesho yake alifungua vibano, akaulaza mlango, akaanza kuugonga kwa kifundo cha kidole, shubiri kwa shubiri, kichwa kimeinama. Mahali palipojaa hutoa sauti butu. Mahali palipo na uwazi hulia. Karibu na pembe moja ya chini pakalia. Akachora duara kwa kalamu, akatoboa tundu upande wa ndani, akaingiza povu kidogo kwa mrija, akaziba. Kisha akaligonga duara lile tena, na pembe tatu zilizobaki pia, ingawa zile alikuwa ameshazigonga.

Mlango ukishakamilika bado ni nusu ya kazi, kwa sababu mlango haufanyi kazi peke yake. Raba ndiyo inayokutana na fremu. Nzuri ni laini, yenye uwazi ndani, inayobonyea na kurudi. Na pembe zake huunganishwa kwa gundi ya moto, haziachwi zikutane hivihivi. Bawaba nazo si za mlango wa nyumba. Zimechongwa kwa mshazari, ili mlango ukifunguka unyanyuke kidogo na ukifunga ushuke kwa uzito wake wenyewe. Hivyo raba ya chini haisuguliwi sakafuni kila mara, na mlango ukiachwa bila kusukumwa hadi mwisho hujirudisha. Jambo hili la mwisho lina uzito kuliko linavyoonekana. Mlango wa mita 1 kwa 2 wa chumba cha nyuzi 18 chini ya sifuri, ukiwa wazi kabisa, hupitisha joto la makumi ya kilowati: hewa baridi ni nzito, humwagika chini kwenda nje, na hewa ya joto yenye unyevu huingia juu. Zile wati 23 za mlango uliofungwa hazina maana mbele ya dakika chache za mlango ulioegeshwa na kreti. Ndiyo maana fundi mwangalifu hukushauri pia pazia la mikanda ya plastiki nyuma ya mlango.

Kuna valvu ndogo ukutani karibu na mlango ambayo wateja wengi huiona ni pambo. Aliyewahi kufunga friza na kujaribu kuifungua papo hapo anajua jinsi kifuniko kinavyong'ang'ania. Hewa ya joto iliyoingia inapoa na kusinyaa, na shinikizo ndani linashuka. Likishuka kwa asilimia 1 tu, mlango wa mita 2 za mraba hapa Mwanza hubanwa kwa nguvu ya karibu kilo 180. Mlango ukiwa umezibwa vizuri kama unavyotakiwa, nguvu hiyo inaweza kumshinda mtu kufungua, na hata kuumiza kuta. Valvu huruhusu hewa kidogo iingie hadi pande mbili zilingane. Kwenye chumba cha kugandisha huongezwa pia waya wa joto ndani ya fremu, chini ya raba, ili unyevu usigande na kuigundisha raba kwenye chuma.

Halafu kuna mpini wa ndani. Fundi huufunga kabla ya kufunga kufuli la nje, na huujaribu akiwa ndani mwenyewe, kijana wake akiwa amefunga kwa nje. Hakuna kilichonifanya nimheshimu zaidi ya hapo. Mlango unaoweza kumfungia mtu kwenye baridi hiyo bila njia ya kutoka haujakamilika, hata uwe mzuri namna gani, na mteja asikubali kuupokea kabla ya kuona mpini huo ukifanya kazi kufuli la nje likiwa limefungwa.

Anayechagua mlango, awe ananunua uliotengenezwa nje au anaagiza Igoma, anaweza kuupima bila kifaa chochote. Fungia kipande cha karatasi kati ya raba na fremu, kisha kivute. Kikitoka bila kushikwa, mahali hapo panavuja. Rudia juu, chini, upande wa bawaba na upande wa komeo, kwa sababu mara nyingi upande wa bawaba ndio unaodanganya. Ingia ndani mchana, baada ya kuujaribu mpini, mwenzako afunge, na taa izimwe: ukiona mstari wa mwanga, umeona njia ya joto. Chumba kikishawashwa, pita asubuhi na mapema ukapapase kingo za mlango kwa nje. Pakiwa pakavu, vizuri. Pakiwa na matone ya maji kwenye mstari mmoja, chuma kimegusana na chuma mahali fulani ndani, au povu halikufika. Uliza unene, ndiyo: sentimita 10 kwa chumba cha kupoza, na 15 kwa cha kugandisha ukiweza. Ila uliza pia kilichowekwa kati ya bati la nje na la ndani, na sikiliza jinsi fundi anavyojibu. Anayeijua kazi atafurahi kuulizwa.

Jioni ambayo mlango ulitundikwa, umeme ulikatika. Katika mji wetu hilo si habari, lakini kwa mwenye samaki ndani ni saa ya mtihani. Friji haifanyi kazi, na kinachobaki ni kuta, mlango, na nidhamu ya kutofungua. Mama yule alikaa kwenye kiti nje ya chumba chake, akawakataza wafanyakazi kuugusa mpini. Umeme uliporudi usiku, kipimajoto kilikuwa kimepanda kidogo tu, na samaki walikuwa bado wagumu.

Tunazoea kumsifu fundi kwa kasi yake, na kumlaumu kwa kuchelewa. Mara nyingi tuna haki, kwa sababu wapo wanaochelewa kwa uzembe. Lakini zipo siku ambazo kungoja ndiyo kazi yenyewe: povu kutulia, weldi kupoa, kiungio kukatwa upya kwa sababu wembe umepita. Siku hizo zimo ndani ya bei, na mnunuzi hurudishiwa kidogokidogo kila anaponunua umeme wa LUKU.